Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutunza Ua na Majengo ya Uani ya Nyumba za Kihistoria, Tabora na Kigoma

Maswali haya huulizwa na wenye nyumba za urithi, walinzi wa maeneo ya kale, mafundi, na viongozi wa mitaa ambao wamejikuta na jengo la zamani mikononi. Nyumba kubwa yenyewe haijapewa nafasi kubwa hapa, kwa kuwa hiyo haikosi watetezi. Kinachozungumzwa ni vile vilivyoizunguka: ua, jiko la nje, stoo, kisima, zizi, choo cha zamani, ukuta wa mpaka, miti na njia.

## Mambo ya msingi

Kwa nini tuhangaike na jiko bovu la uani wakati historia iko kwenye nyumba kubwa?

Kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya nyumba ilifanyika uani. Tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo) la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, linajulikana kwa sababu Livingstone na Stanley waliwasili hapo Februari 1872, Stanley akaondoka kuelekea pwani mwezi uliofuata, naye Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Lakini jiulize: katika miezi hiyo nani aliteka maji, nani alitwanga, mizigo iliwekwa wapi? Watu wa kazi hizo, wengi wao Wanyamwezi, hawakuandika shajara. Alama yao imebaki kwenye mafiga, kwenye sakafu iliyolika mlangoni mwa stoo, na kwenye njia ya kisimani. Ukibomoa jiko umefuta ukurasa wao, na nyumba itabaki kueleza habari za mgeni mmoja tu.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa nchi nyingi huutumia kama dira, unasema kwamba jengo la kihistoria halitenganishwi na mahali liliposimama. Fundi mzee yeyote wa Tabora angekwambia hivyo hivyo bila kwenda Venice.

Ni vitu gani vinahesabiwa kuwa sehemu ya ua wa kihistoria?

Kila kilichowekwa au kuachwa na binadamu ndani ya mipaka ya zamani ya kiwanja, pamoja na mimea iliyopandwa makusudi. Mwembe, mchikichi, mnyaa wa uzio, jiwe la kunolea visu, shimo la kuchomea chokaa, reli ndogo ya kusukumia toroli, kaburi, hata jalala la zamani. Jalala ndilo husahaulika kuliko vyote, ingawa vigae vya vyungu, shanga na mifupa iliyotupwa humwambia mtaalamu mengi kuhusu chakula na biashara.

Mipaka ya zamani inaweza kuwa tofauti na ya hati ya leo. Kabla ya kuamua, waulize wazee watatu au wanne wa mtaa, kila mmoja kwa wakati wake, uzio ulipita wapi. Ukiwauliza wakiwa pamoja, watamfuata yule mwenye sauti kubwa.

Je, sheria inalinda majengo haya?

Inategemea umri wake na kama limetangazwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja kila kilichojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Milango na miimo ya kuchongwa iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940 imewekewa ulinzi wake. Majengo ya baada ya 1863 hulindwa pale Waziri mwenye dhamana anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali, na tangazo linaweza kuhusu eneo zima badala ya jengo moja.

Matokeo yake katika mikoa hii miwili ni ya kushangaza kidogo. Tembe la wafanyabiashara wa Kiarabu lililojengwa katika miaka ya 1850 limo ndani ya ulinzi hata likiwa gofu, lakini nyumba ya Kijerumani ya mawe yenye matao mazuri, iliyojengwa reli ilipofika Tabora mwaka 1912 au Kigoma mwaka 1914, haina ulinzi wa aina hiyo mpaka itangazwe. Kwa hiyo usichukulie kwamba uzuri wa jengo ni kinga. Ulizia kwa maandishi Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na uitunze barua ya majibu.

Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinatosha?

Hakitoshi kwa jengo linalolindwa. Halmashauri huangalia mipango miji na usalama wa ujenzi, wakati mambo ya kale yana mamlaka yake, na kibali cha mmoja hakifuti hitaji la mwingine. Anza na Mambo ya Kale, kwa kuwa masharti yao yanaweza kubadilisha mchoro wako, na ni hasara kulipia mchoro mara mbili.

## Maji na ardhi

Fedha ni kidogo sana. Tuanzie wapi?

Anzia kwenye maji. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Kigoma hunyesha zaidi, kwa hiyo kuta za udongo hukaa kavu kwa miezi kisha hupigwa mfululizo. Udongo mkavu hubeba mzigo mkubwa, lakini ukilowa chini, ukuta wote hukaa juu ya uji.

Subiri mvua kubwa, vaa koti, toka nje uzunguke nyumba. Nusu saa ya kuangalia maji yanakotoka, yanakosimama na yanakorukia ukutani ina thamani kuliko ripoti ya kurasa 40. Weka vijiti mahali maji yanapotuama. Mvua ikikatika, chonga ardhi ili iteremke kutoka ukutani, angalau sentimita 5 kwa kila mita, kwa umbali wa mita mbili. Chimba mfereji wa wazi mbali na msingi, usiwe chini ya mita moja kutoka ukutani, na uhakikishe una mahali pa kumwaga maji. Mfereji usio na mwisho ni bwawa refu tu. Kazi hii inahitaji majembe, toroli na vijana wanne kwa siku chache.

Tunafagia ua kila siku. Hilo nalo ni kosa?

Si kosa, ila lina gharama yake. Ua wa udongo uliofagiwa vizuri ni utamaduni wetu na unapaswa kuonekana hivyo, kwa sababu hakuna aliyepanda nyasi za bustani mbele ya tembe mwaka 1870. Tatizo ni kwamba ufagio huondoka na udongo. Ukiondoa milimita 5 tu kwa mwaka, baada ya miaka 40 ardhi imeshuka sentimita 20 na mawe ya msingi yako hewani. Kwa upande mwingine, mahali takataka zinapolundikwa, ardhi hupanda na kufunika msingi.

Niliwahi kuitwa kuangalia banda la uani ambalo ukuta wake mmoja ulikuwa umelika chini kama hindi lililoguguniwa, wakati ukuta wa pili ulikuwa mzima. Watu walishuku mchwa, wengine wakashuku jirani. Mfagiaji alikuwa akianzia kwenye ukuta ule kila asubuhi na kumalizia kwenye ule mwingine, kwa miaka mingi, kwa bidii ya kupigiwa mfano. Tulimwomba afagie kuelekea ukutani kwa zamu, aache upana wa nusu mita bila kugusa, na kila kiangazi ua urudishiwe udongo uleule uliokusanywa pembeni na kushindiliwa.

Tunaweza kumwaga zege kuzunguka nyumba ili pawe safi?

Tafadhali msifanye hivyo. Ardhi ya kawaida hupumua: unyevu ulio chini yake hupanda na kuyeyukia hewani. Ukiifunika kwa zege, unyevu hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ukuta wako, ambako utapanda kama mafuta ya taa katika utambi. Dalili ni lipu kuvimba na unga mweupe wa chumvi kutokea kimo cha goti. Kama matope yanawakera wageni, tandazeni kokoto au changarawe juu ya udongo ulioteremshwa vizuri. Hayo yanaweza kuondolewa siku yoyote bila kuacha kovu.

## Kuta, mapaa na wadudu

Fundi anasema saruji ni imara zaidi. Kwa nini tusiitumie?

Ni imara, na ndiyo shida yenyewe. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo au wa mawe yaliyoungwa kwa udongo ni kama koti la plastiki juu ya mtu anayetoka jasho. Maji yaliyoingia kupitia nyufa hayatoki, udongo ulio nyuma yake hulainika, na baada ya misimu kadhaa lipu hudondoka kwa vipande vikubwa ikiwa imeng'oa na ngozi ya ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole: mahali pazima patatoa mlio mzito, mahali palipoachana patalia kama debe tupu.

Ukuta wa udongo upakwe udongo. Fundi wa Tabora anajua udongo wa kichuguu unavyoshika. Uchanganywe na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukandwe, ulazwe siku chache, kisha ujaribiwe kwenye sehemu ya ukuta yenye ukubwa wa mlango. Ukikauka na nyufa, ongeza mchanga na majani. Ukipukutika ukiupangusa kwa kiganja, ongeza udongo wa kichuguu. Kwa kuta za mawe za enzi ya Wajerumani, tumia chokaa: sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa kwenye pipa kwa sehemu tatu za mchanga msafi, ipakwe kwa tabaka nyembamba, ifunikwe magunia yenye unyevu isikauke haraka. Fundi avae glavu na miwani, kwani chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofusha.

Lipu ya saruji imeshapakwa zamani. Tuibandue?

Msikimbilie. Iliyoachana na ukuta iondoeni kwa uangalifu kabla ya kiangazi kirefu, ili ukuta upate miezi ya kukauka. Iliyoshika kwa nguvu iacheni kwanza, kwa sababu kuibandua kwa patasi kunaweza kuharibu zaidi kuliko kuiacha. Rekebisheni maji ya ua, kama ilivyoelezwa kwenye jibu la fedha kidogo, na muiangalie kwa misimu miwili.

Paa la udongo la tembe linatunzwaje?

Kwa kutembelewa. Paa la tembe ni boriti, fito juu yake, kisha udongo ulioshindiliwa, na uzito wake wote huongezeka likilowa. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, mtu mwepesi apande, ang'oe majani na miche iliyoota, azibe nyufa kwa udongo uleule, na ahakikishe njia za kutolea maji hazijaziba. Asiongeze tabaka jipya kila mwaka bila kupunguza la zamani, la sivyo boriti zitaelemewa.

Tumefunika kwa mabati ili tuokoe jengo. Tumeharibu?

Kama ni paa la muda lililosimama kwenye nguzo zake bila kugongomewa kwenye kuta za kale, mmefanya vizuri. Hakikisheni maji yake hayamwagikii mguu wa ukuta. Kama mabati yamewekwa moja kwa moja badala ya paa la awali, pigeni picha na mpime kilichobaki cha paa la zamani kabla hakijachanwa kuwa kuni.

Mchwa wamevamia stoo. Tumwage oili chafu?

Hapana. Oili chafu hunajisi udongo na kisima, hutia doa lisilotoka, na mchwa hurudi. Kinachosaidia zaidi ni ukaguzi: vunja mirija ya udongo inayopanda ukutani kila wiki na uone ni ipi inajengwa upya, ondoa kuni na mabua yaliyoegemezwa ukutani, na acha mguu wa ukuta uonekane wazi. Dawa iliyosajiliwa itumike na mtaalamu, mbali na kisima. Boriti iliyoliwa kichwa tu iungwe kipande kipya cha mti wa aina ileile, kama mninga ulionunuliwa kihalali, badala ya kutupwa nzima.

Kuhusu nyuki darini, mko Tabora: mwiteni mrina asali, aje usiku na mzinga wake. Nimeona moto wa kufukuzia nyuki ukimaliza paa ambalo nyuki wenyewe hawakuwa wameligusa.

## Miti na makaburi

Mwembe mkubwa uko karibu na ukuta. Tuukate?

Mwembe katika njia ya misafara ni sehemu ya kumbukumbu yenyewe, kwani miembe iliyopandwa kando ya njia kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ndiyo iliyowapa wasafiri kivuli. Kabla ya shoka, tafuta kama ufa wa ukuta unatokana na mizizi kweli au na maji, maana mara nyingi mti husingiziwa. Pogoa matawi yanayogusa paa, ondoa makavu, na usikate mizizi minene iliyo karibu na shina, kwa sababu mti uliokatwa mizizi upande mmoja unaweza kuanguka upande wa nyumba. Kukata kabisa kuwe ni hatua ya mwisho, kwa kibali.

Mti wa kihistoria ukifa, je, historia imekwisha?

Tazama Ujiji. Mwembe ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 haupo tena. Ulikufa katika miaka ya 1920. Penye mkutano ule pamesimama mnara wa kumbukumbu, na miembe iliyopo inatajwa kuwa ni uzao wa ule wa kwanza. Mgeni akifika bado anasimama kivulini.

Funzo ni kuanza mapema. Bebesha vikonyo vya mti mzee ukiwa bado na afya, kwani mbegu ya embe haitoi kila mara mti unaofanana na mama. Miche ikae sehemu mbili tofauti, na kila mmoja uandikwe ulikotoka.

Kuna makaburi uani ambayo hakuna anayeyajua. Tufanye nini?

Yaachwe yalipo, yazungushiwe uzio mwepesi wa mimea, yasafishwe bila kuchimba. Waulizeni wazee na viongozi wa dini, kwa sababu upande lilikoelekea kaburi unaweza kueleza kama aliyelala ni Mwislamu. Kuhamisha kaburi kuna taratibu zake za kisheria, na si uamuzi wa mwenye kiwanja peke yake.

## Matumizi ya leo

Wageni wanahitaji choo na maegesho. Viwekwe wapi?

Nje ya ua wa kihistoria ikiwezekana, na upande wa mteremko kutoka kisimani. Shimo la choo ndani ya ua litapita kwenye tabaka ambazo hazijachunguzwa. Magari yasiegeshwe chini ya miembe: uzito hushindilia udongo mpaka mizizi inakosa hewa, na mti hufa taratibu bila mtu kuelewa kwa nini.

Jengo dogo la uani linaweza kupewa kazi mpya, kama ofisi ya tiketi au duka la asali, mradi kazi hiyo itoshee katika vyumba vilivyopo. Nyumba inayotumika hufunguliwa madirisha kila asubuhi, na uvujaji huonekana siku hiyohiyo.

Hali ni hiyohiyo kwa majengo ya reli na bandari?

Msingi ni uleule, ila kiwanja ni kikubwa na vitu vyake ni vya chuma. Stesheni ya Kigoma haieleweki bila reli zinazoishia kwake, na bandari haielezeki bila habari ya MV Liemba, meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipandevipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Karakana, matangi ya maji na nyumba ndogo za wafanyakazi ndizo huuzwa kwanza kama vyuma chakavu. Orodhesheni kila kitu kabla ya mnunuzi kufika na mizani yake.

## Mambo yenye utata

Jengo la uani limeanguka kabisa. Tulijenge upya?

Kwa kawaida hapana, isipokuwa kuna picha, vipimo au msingi unaoonyesha wazi lilivyokuwa. Kujenga kwa kukisia ni kutunga, na baada ya miaka 20 hakuna atakayekumbuka kwamba ni utunzi. Gofu nalo lina sauti yake: boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua mwaka 1893 ili asikamatwe na Wajerumani, lingepoteza maana likijengwa upya na kupakwa rangi. Shindilia vichwa vya kuta zilizobaki kwa udongo usiopitisha maji kirahisi, ondoa miche, elekeza maji pembeni.

Banda liliongezwa miaka ya 1950. Tuliondoe ili ua urudi ulivyokuwa?

Ulivyokuwa lini? Ua haukusimama mwaka mmoja. Banda la miaka ya 1950 linaeleza habari ya walioishi hapo miaka hiyo, nao ni watu. Liondolewe tu kama linaharibu kilicho cha kale zaidi, na lipigwe picha na kupimwa kwanza.

Tukichimba mfereji tukakuta vitu, tufanyeje?

Simamisheni jembe palepale. Funikeni kwa turubai, wekeni alama, pigeni picha pamoja na futi, na mtoe taarifa serikalini. Msivioshe wala kuvigawana. Shanga moja ikijulikana ilikaa wapi, kina gani na karibu na nini, ina maana. Ikiwa mfukoni, ni shanga tu. Kuchimba kwa kutafuta kunahitaji leseni.

Ndugu hawakubaliani kuhusu nyumba ya urithi. Tusubiri?

Msisubiri kwenye mambo ya maji. Kuzibua mfereji na kufunika paa hakubadilishi umiliki wa mtu yeyote, na mnaweza kuliandika hilo kwenye kikao cha ukoo ili shangazi asije akadai kwamba kaka anajimilikisha. Kuuza mlango wa kuchongwa, hata hivyo, kusifanywe na yeyote. Rejea jibu kuhusu sheria.

Daftari la ua liandikwe nini?

Tarehe, kilichoonekana, kilichofanyika, aliyefanya, na vifaa alivyotumia. Kwa nyufa, chora kwa penseli mstari mmoja mfupi kila upande wa ufa, pima nafasi kati ya mistari hiyo miwili, andika kipimo na tarehe ukutani kwa herufi ndogo, kisha rudi kupima mwanzo na mwisho wa mvua. Ufa wa jiko wenye milimita 6 Novemba, 9 Aprili na 6 tena Septemba unafuata unyevu wa ardhi, kwa hiyo shughulika na mfereji. Wenye milimita 6, kisha 9, kisha 13 unasogea upande mmoja tu: egemeza ukuta kwa magogo, uzuie watu kupita, na uite fundi wiki hiyohiyo.